Kopo Lililowekwa Kando



Katika toleo hili tumeona vema kuzungumza jambo ambalo ni rahisi kulihubiri kwa wengine, na ni gumu kulisikia likisemwa juu yetu wenyewe. Swali ni hili: je, mtu aliyebaguliwa anaweza naye kuwa mbaguzi? Na kama anaweza, je, mateso aliyoyapata yanampunguzia hatia?

Wengi wetu tungependa kujibu upesi kwamba haiwezekani. Sisi ni watu tuliofukuzwa makwetu. Tumeitwa majina, tumeulizwa kabila letu vizuizini, tumeona jirani akiuawa kwa sababu ya jina la baba yake. Mtu aliyepita huko atambague nani tena? Lakini kabla ya kujibu, acheni tuwaeleze lililotokea katika kanisa letu, maana tusipoanza na nyumba yetu tutakuwa wanafiki.

CHAI BAADA YA IBADA

Jumapili, sukari ikipatikana, akina mama hupika chai ya rangi kwa wazee na wageni. Vikombe ni vichache, kwa hiyo mmoja akimaliza, kikombe chake husuuzwa na kupewa mwingine. Yupo bibi mmoja, Mtwa, aliyekuwa akija ibadani na mjukuu wake kwa zaidi ya miaka miwili. Yeye hakupewa kikombe. Alitiliwa chai katika kopo la nyanya lililowekwa kando, nyuma ya mlango wa jiko. Akimaliza, aliliosha mwenyewe na kulirudisha mahali pake.

Hakuna aliyetoa amri hiyo, wala hakuna kamati iliyokaa kuipitisha. Lakini sote tulijua kopo lile ni la nani, na hakuna mwingine aliyeligusa. Wale waliotoka Kivu na wale waliotoka Burundi wanaijua desturi hii: Mtwa hanywi katika chombo kimoja na wengine, na akija msibani huketi pembeni. Tuliikimbia vita, tukaacha nyumba, ng'ombe na vyombo, lakini desturi hii tuliibeba.

Siku moja mwinjilisti mgeni kutoka zoni nyingine alikuta vikombe vyote viko mikononi mwa watu. Akaliona kopo, akalichukua ili achotewe chai. Mama mmoja akamshika mkono kwa haraka, akasema, "Hapana mtumishi, hilo ni la Mtwa." Bibi mwenyewe alikuwa ameketi pale pale. Mwinjilisti akauliza, "Kwani Mtwa ana ugonjwa gani?" Hatukuwa na jibu. Bibi akainuka, akamshika mjukuu wake mkono, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata.

Wazee wa kanisa walipoketi kulizungumza jambo hili, wengine walisema, "Ni desturi tu, hakuna aliyemchukia." Wengine walisema, "Mbona yeye mwenyewe hakulalamika hata siku moja?" Ndugu zetu, aliyezoea kunyimwa hujifunza kutoomba. Kukaa kwake kimya hakukuwa ushahidi kwamba ameridhika.

HAKI TUNAYOIDAI IMESIMAMA JUU YA NINI?

Tulipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, na wenzetu waliofuata miaka ya baadaye, hatukuja na kitu cha kulipia hifadhi. Tulipokelewa kwa sababu mataifa yaliahidiana kwamba mwanadamu ana haki kwa kuwa ni mwanadamu. Ahadi hiyo iliandikwa katika Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Kifungu chake cha 2 kinakataza ubaguzi wa rangi, lugha, dini au asili ya mtu, na kifungu cha 14 kinazungumzia haki ya kutafuta hifadhi katika nchi nyingine kwa anayeteswa.

Baadaye ukaja Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba mkataba huo wenyewe ulianza ukiwa umewasahau watu. Uliwahusu waliokimbia kwa sababu ya mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi iliruhusiwa kuchagua kuwahesabu wa Ulaya peke yao. Mkimbizi wa Afrika wa miaka iliyofuata hakuwa na nafasi humo. Ndipo Itifaki ya mwaka 1967 ikaondoa mipaka ile. Na tarehe 10 Septemba 1969, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake huko Addis Ababa, ukamhesabu pia kuwa mkimbizi mtu anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa, hata kama hawezi kuonyesha kwamba yeye binafsi alikuwa akiwindwa. Wengi wetu tumo kambini kwa mlango huo. Ni kwamba watu waliuliza, "Ni nani hayumo katika orodha hii?" nao waliosahauliwa wakaingizwa.

Sasa tujiulize. Kama haki yetu ya kuwa hapa imesimama juu ya utu wetu, si juu ya kabila wala mali, haki ya yule bibi imesimama juu ya nini? Imesimama pale pale. Tukisema Mtwa hastahili kikombe kwa sababu ya kabila lake, tumekubali kwamba thamani ya mtu hupimwa kwa kabila. Na kipimo hicho ndicho kilichotutoa makwetu. Hatuwezi kukikataa kikitumiwa juu yetu, kisha tukitumie sisi jikoni mwa kanisa.

Tena Batwa walifukuzwa kabla yetu. Wale wa Kabare na Kalehe wanakumbuka. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Batwa walitolewa katika misitu ya mababu zao bila kupewa ardhi nyingine. Wakaja kukaa kando ya mashamba yetu, wakilima kwa kibarua na kufinyanga vyungu. Walikuwa wakimbizi katika nchi yao wenyewe, nasi tuliokuwa na nyumba wakati ule hatukuwauliza habari zao. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Miaka 2 kabla ya hapo, tarehe 15 Julai 2022, Kongo ilikuwa imetoa sheria ya kulinda haki za watu hawa wa asili. Serikali na mabaraza yameanza kuungama. Kanisa lisije likawa la mwisho.

"HAYO NI MAMBO YA WAZUNGU"

Wako ndugu wanaosema kwamba haki za binadamu ni maneno ya mashirika, yaliyoletwa na wazungu pamoja na magari yao. Tunawajibu kwa upole. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa na wakuu wa nchi za Afrika mjini Nairobi mwezi wa Juni mwaka 1981, ukaanza kutumika mwaka 1986. Una jambo moja ambalo Waafrika walilitilia mkazo: haukuorodhesha haki peke yake, uliorodhesha na wajibu wa kila mtu. Kifungu cha 28 kinamwekea kila mtu wajibu wa kumheshimu na kumjali mwenzake bila ubaguzi. Tuangalie vizuri. Hakisemi serikali tu, wala shirika tu. Kinamsema kila mtu, hata mkimbizi anayeishi chini ya turubai.

Huo wajibu hatuwezi kuupeleka ofisini. Sisi tumezoea kwenda kwenye dawati la malalamiko kudai haki zetu, na ni vema kufanya hivyo. Lakini liko dawati moja ambalo kila mmoja wetu ndiye mwenye kuketi upande wa pili, na mlalamikaji ni yule aliye chini yetu.

KWA NINI MATESO HAYATUFUNDISHI

Tusome Kutoka 23:9. Mungu anawakataza Waisraeli wasimdhulumu mgeni, na sababu anayowapa ni kwamba wao wanajua mgeni anavyojisikia moyoni, maana walikuwa wageni Misri. Agizo la namna hiyo linarudi tena katika Walawi 19, na katika Kumbukumbu la Torati 24 linatajwa pamoja na yatima na mjane.

Tumejiuliza: kwa nini Mungu aliagiza jambo hilo mara nyingi hivyo? Kama mateso yangetosha kumfundisha mtu huruma, Israeli wasingehitaji amri. Walikuwa na alama za mijeledi migongoni. Lakini Mungu, ajuaye mioyo, aliona kwamba mtu akitoka katika utumwa anaweza kwanza kutafuta wa kumweka chini yake, ili ahakikishe kwamba sasa yeye si wa mwisho. Ndivyo ilivyo hata hapa kambini. Aliyenyang'anywa kila kitu anashikilia kitu kimoja kilichobaki, nacho ni kusema, "Mimi si kama yule." Kumbukumbu ya mateso inaweza kuzaa huruma, na inaweza kuzaa ukali. Kwa hiyo Mungu hakuiacha ijiamulie yenyewe, bali aliiwekea amri.

Basi swali letu la kwanza limejibiwa: aliyebaguliwa anaweza kubagua, naye anaweza kufanya hivyo kanisani, siku ya Jumapili, akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Na swali la pili je? Mateso yanaeleza hofu yetu, lakini hayaifuti hatia. Bwana Yesu alifundisha kwamba aliyepewa zaidi atadaiwa zaidi (Luka 12:48). Sisi tumepewa kujua. Asiyewahi kukataliwa anaweza kusema hakujua uchungu wake. Sisi hatuna neno hilo la kujitetea.

WAJANE WALIORUKWA

Kanisa la kwanza nalo lilipatwa na jambo hili, na lilianzia kwenye ugawaji wa chakula. Someni Matendo 6:1-7. Katika Yerusalemu wajane walikuwa wakihudumiwa kila siku. Wajane wa upande wa waliosema Kiyunani, wengi wao wakiwa ni watu waliotoka nchi za mbali, walikuwa wakirukwa. Hatuambiwi kwamba mtu aliwachukia. Walisahauliwa tu. Sisi tuliozoea siku ya posho tunaelewa jinsi mtu anavyoweza kusahauliwa bila mtu yeyote kukiri kwamba alimsahau.

Mitume wangeweza kusema, "Sote tunateswa hapa, vumilieni." Wangeweza kuwakemea walionung'unika kwamba wanaleta mgawanyiko. Hawakufanya hivyo. Wala hawakuishia kuwapelekea wajane wale chakula cha ziada na kuomba radhi. Waliwaambia waumini wachague watu 7 wa kusimamia huduma hiyo. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na yule wa mwisho hakuzaliwa Myahudi kabisa. Kwa hiyo walimu wengi wa Biblia wanaona kwamba ghala lilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliokuwa ukirukwa, wawagawie wote, pamoja na wajane wa Waebrania.

Tena tazameni matunda yake. Mmoja wa wale 7, Filipo, ndiye aliyembatiza towashi wa Kushi barabarani (Matendo 8). Towashi yule, kwa Torati, alizuiwa kuingia katika mkutano wa Bwana kwa ajili ya hali ya mwili wake. Filipo hakumwambia asubiri. Aliyetoka katika kundi lililosahauliwa alimtambua aliyesahauliwa zaidi, na Mwafrika akapokea ubatizo.

"LAKINI SOTE NI WAKIMBIZI"

Liko neno lingine tunalolisikia sana, hasa tangu chakula kilipopunguzwa mwaka 2023: "Kwa nini wengine watangulizwe? Sote ni wakimbizi, sote tuna njaa." Tunalielewa neno hili, maana limetoka katika matumbo matupu. Lakini tufikiri pamoja. Mama mwenye miguu iliyopooza anapimiwa kilo zile zile tulizopimiwa sisi. Kisha hawezi kubeba. Anamwita kijana mwenye baiskeli, anamlipa kwa unga ule ule. Mbele ya mizani alikuwa sawa nasi. Akifika nyumbani ana pungufu. Usawa wa mizani haukumfikisha mahali pamoja na sisi. Ndiyo maana Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 11, unazitaka nchi ziwalinde watu hawa kwa namna ya pekee wakati wa vita na majanga. Kumtanguliza si kumpendelea. Ni kumrudishia kile ambacho njia imempunguzia.

Nao ni wengi kati yetu: mjane mzee anayesingiziwa uchawi kwa sababu ana macho mekundu ya moshi wa kuni, mtoto mwenye ualbino ambaye mama yake anaogopa kumwacha peke yake, msichana aliyebakwa wakati wa vita, na mtoto wake anayeitwa jina la adui na watu waliokula kiapo cha kumpenda jirani. Kila familia ijiulize ni kopo gani limewekwa nyuma ya mlango wake.

TULIYOYAFANYA, NA YALIYOBAKI

Wazee wawili na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama walitumwa kwenda kumwomba bibi msamaha. Walimnunulia kikombe kizuri cha bati chenye maua, wakamwambia, "Bibi, tumekukosea. Kuanzia sasa utakunywa katika hiki, ni chako peke yako." Bibi akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akasema, "Asanteni wanangu. Lakini hili nalo ni kopo, ila hili linang'aa."

Wajumbe wetu walinyamaza. Kisha yule mama akauliza, "Basi, Bibi, unataka tufanye nini?" Akasema, "Mimi najua kupika chai. Niwekeni zamu."

Turudi kwenye Matendo 6, maana bibi huyu, asiyejua kusoma, alituonyesha jambo ambalo tulilisoma mara nyingi bila kuliona. Sisi tulitaka kumpa kitu kizuri na kumwacha pale pale alipokuwa. Yeye alitaka kuhesabiwa. Nchi ya Burundi iliwahi kulitambua jambo hili katika Katiba yake ya mwaka 2005, ilipotenga viti 3 vya Batwa katika Bunge na vingine 3 katika Seneti, ili wasiwe watu wa kuzungumziwa tu bali nao wazungumze.

Bibi aliwekwa zamu. Hatuandiki kwamba tumeshinda. Jumapili ya kwanza alipochota chai, watu wengi walisema hawana kiu, na sufuria ilirudi ikiwa imejaa zaidi ya nusu. Baba Mchungaji alikunywa vikombe viwili, mwinjilisti yule mgeni naye alikuja makusudi akanywa. Mama aliyemshika mkono siku ile alikaa muda mrefu na kikombe mapajani, kisha akanywa, huku akilia. Wapo ambao mpaka leo huondoka mara baada ya sala ya mwisho, nasi tunajua kwa nini. Hatuwalazimishi, lakini hatutalirudisha kopo.

Tunaomba mambo matatu kwa kila jumuiya. Kwanza, siku ya posho mashemasi wasitazame tu waliopo kwenye foleni, waulize nani hayupo, wamfuate kwake. Pili, tunapotaka kumsaidia mtu, tumuulize yeye kwanza, na siri yake aliyotuambia, hasa habari za kubakwa, isitoke mdomoni mwetu hata kwa jina la maombi. Tatu, katika kila kamati ya kanisa awepo mtu wa wale ambao kwa kawaida tunawazungumzia wakiwa hawapo.

Siku moja, Mungu akipenda, tutarudi makwetu au tutapelekwa nchi nyingine. Huko nako watatuuliza sisi ni akina nani, na labda watatuwekea kopo letu kando. Siku hiyo tutataka kusema kwamba mtu ni mtu. Ni heri tuwe tumeanza kulisema hapa.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyemwomba maji ya kunywa mwanamke Msamaria ambaye watu wako hawakuchangamana na watu wake, utusamehe. Utuondolee hofu ya mkono wa jirani. Utufanye tuketi meza moja hapa, kabla hatujaketi kwenye meza yako kule. Amina.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.

Ni sisi ndugu zenu, Kamati ya Jarida.